Kikombe Kisomwe Kabla ya Kusifiwa

Katika ushairi wetu wa visiwani chombo cha kale kimepewa kazi nyepesi mno. Mtunzi akitaka kuililia enzi iliyopita, hutia ubetini chetezo, mrashi, dele la kahawa au kikombe cha fedha, kisha humwachia msomaji amalizie mwenyewe kwa kuvuta pumzi. Chombo hakitazamwi. Hakigeuzwi kitako juu, hakipimwi, hakiulizwi kimetoka wapi wala kimepita mikononi mwa nani. Chatajwa tu, na kutajwa huko kwadhaniwa kwatosha. Makala haya yana lengo la kuonyesha kwamba hakutoshi, na kwamba hasara yake ni ya ushairi kabla ya kuwa ya historia.

Mfano ulio mbele yangu ni kikombe cha madini chenye mkono mmoja, kimo chake hakizidi shubiri, tumbo lake limechorwa majani yaliyosokotana. Mwenyewe ni mtunzi wa siku nyingi, rafiki yangu, aliyekinunua katika duka moja la vitu vikuukuu Mji Mkongwe, Unguja. Muuzaji alimhakikishia mambo mawili: kwamba kikombe ni cha fedha tupu, na kwamba kilitoka Kasri. Rafiki yangu akaenda zake nyumbani akatunga shairi la tarbia, beti 12, mizani 16, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawasawa. Kisha akaniletea vyote viwili, kikombe na shairi, nivitolee rai.

Rai yangu juu ya shairi naitoa mwanzo, kwa kuwa ni fupi. Limefumwa vizuri, lakini halina kitu cha kukamata. Ubeti wa tatu wasema fedha, wa tano wasema Sultani, wa saba wasema machozi; na ukikitoa kikombe ukaweka upanga au kiti cha enzi, hakuna mshororo utakaolalamika. Shairi ambalo kitu chake chaweza kubadilishwa bila shairi kuumia si shairi la kitu hicho. Na sababu ni kwamba mtunzi aliyapokea maneno ya muuzaji kama yalivyo, akayatia vina.

Lugha yetu yenyewe ingemwonya. Mizani ya mshairi na mizani ya sonara ni neno moja. Kina cha ubeti na kina cha chombo ni neno moja pia. Wazee hawakuviweka pamoja kwa mzaha: kupima ni kupima, iwe silabi au ratili, na asiyepima hana haki ya kusifu. Basi na tukipime.

Kwanza majina ya madini, maana hapo ndipo udanganyifu huanzia. Fedha kwetu ni madini na ni pesa, na kwa hiyo neno lenyewe likitamkwa dukani huvuta mkono mfukoni. Shaba ni mbili, nyekundu na ya njano, na watu wengi huziita zote shaba bila kujali. Neno la kale sufuri, ambalo mtunzi wa Al-Inkishafi alilitumia alipozitaja taa za majumba ya Pate, limetuachia mtoto wake sufuria, na sufuria ya leo ni ya alumini isiyo na hata chembe ya sufuri. Jina hubaki, madini huhama. Kisha kuna kitenzi ambacho masonara wetu wanakijua sana: kuchovya. Bangili ya kuchovya, mkufu wa kuchovya, kikombe cha kuchovya. Nje dhahabu au fedha, ndani kitu kingine. Neno hili moja lingeulizwa dukani, mazungumzo yote yangebadilika.

Sumaku ndiyo silaha ya kwanza ya wanunuzi wengi, na ni silaha butu. Fedha haishikwi na sumaku, ni kweli. Lakini shaba zote mbili hazishikwi, bati halishikwi, risasi haishikwi. Sumaku itakutambulishia chuma kilichopakwa rangi ya kauri, vile vikombe vyeupe vyenye ukingo wa buluu tulivyonywea chai utotoni, basi.

Maji ni shahidi bora zaidi. Pima kikombe kikiwa kikavu. Kisha kining'inize kwa uzi ndani ya ndoo, kizame chote pasipo kugusa chini wala kubakiza povu la hewa, ukipime tena. Uzito kilioupoteza majini ndio ujazo wa madini yake. Gawanya uzito wa nje kwa hasara hiyo. Fedha safi hutoa 10.5, fedha ya Kiingereza yenye sehemu 925 kwa 1000 hutoa karibu na 10.4, shaba nyekundu karibu na 9, shaba ya njano kati ya 8.4 na 8.7, bati 7.3. Kikombe chetu kina gramu 183 nje, na majini kilipoteza gramu 21. Hiyo ni 8.7. Kingekuwa fedha ya Kiingereza kingepoteza chini kidogo ya 18. Gramu tatu za maji zimeuangusha ubeti wa tatu wa shairi.

Mtu atasema kwamba 8.7 yaweza kuwa ya madini zaidi ya moja. Ni kweli, na hapa jicho huchukua kazi. Mahali palipochakaa, yaani ukingoni midomo inapogusa na mkononi kidole gumba kinapokaa, fedha ya juu imekwisha, na chini yake panaonekana weupe uliofifia, wenye umanjano kwa mbali. Pangeonekana wekundu, tungefikiria kazi ya zamani zaidi ya Sheffield, ambapo bamba jembamba la fedha lilishikamanishwa na shaba nyekundu kwa moto, ufundi ulioanza katika miaka ya 1740. Hapa hakuna wekundu. Hiki ni kile kilichoitwa Ulaya fedha ya Kijerumani, mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ambao hauna fedha hata kidogo ila kwa jina. Juu yake imepitishwa fedha kwa nguvu ya umeme, njia ambayo akina Elkington wa Birmingham waliipatia hataza mwaka 1840 na ambayo iliwapa watu wa kipato cha kati meza zinazong'aa kama za mabwana.

Kitako kinathibitisha. Pana alama nne, kila moja ndani ya ngao yake ndogo: E, P, N, S. Hizo ni herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya nikeli iliyochovywa fedha kwa umeme. Zimechorwa kwa mtindo wa kale na kupangwa safu moja ili kwa mbali zifanane na mihuri ya fedha halisi, na hapo ndipo wengi hunaswa. Mihuri halisi ya Uingereza ina sarufi yake. Simba atembeaye akiwa ameinua mguu mmoja ni dhamana ya 925 tangu mwaka 1544. Kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, taji lilikuwa Sheffield hadi mwaka 1974. Miji miwili hii ya mwisho ilipata ofisi zake za kupimia mwaka 1773. Herufi moja hutaja mwaka, na kichwa cha mfalme au malkia, kilichopigwa kati ya 1784 na 1890, kilionyesha kwamba ushuru umelipwa. Anayezijua alama hizi husoma kitako cha kikombe kama asomavyo mwisho wa utenzi, pale mtunzi anapotaja jina lake na tarehe yake.

Lakini nisimwache msomaji na dhana kwamba chombo kisicho na muhuri si fedha. Hilo ni kosa la upande wa pili, na kwetu ndilo lililogharimu zaidi. Mafundi wa Arabuni na wa pwani yetu hawakuwa na simba wala nanga. Fedha yao aghalabu ilikuwa reale ya Sham, sarafu ya Maria Theresa yenye tarehe ya 1780 isiyobadilika hata ikipigwa karne nzima baadaye, uzito wake gramu 28 na ushei, fedha yake sehemu 833 kwa 1000. Reale hizo ziliyeyushwa zikawa bangili, vikuku, ala za majambia na vyombo. Kazi ya namna hiyo haina alama, nayo ni fedha. Bhuj, katika nchi ya Kachi, walikotoka wafanyabiashara wengi wa Kihindi wa Unguja, fundi Oomersi Mawji alipiga herufi zake O.M. na jina la mji kwenye vyombo vilivyojaa maua na wanyama wadogo wadogo. Leo makusanyo ya Ulaya yanavitafuta. Ni vingapi vya mabwana na mabibi wasio na muhuri vimeishia katika kikalio cha sonara, vikayeyushwa kwa bei ya uzito kwa sababu mwenye duka hakuona herufi yoyote ya Kizungu chini yake? Hilo lanisikitisha kuliko watalii kumi wanaouziwa nikeli.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo rafiki yangu, kwa shauku yake ya Kasri, hakuliona kabisa. Puliza pumzi ya moto juu ya madini baridi, na kabla ukungu haujakauka utazame kwa mshazari. Mahali palipoungwa kwa lihamu patajitokeza, maandishi yaliyofutwa yatarudi kwa dakika, nakshi iliyolika itasimama. Upande wa pili wa mkono, katikati ya majani yaliyochorwa kiwandani, pana kijingwa kitupu kilichoachwa makusudi kwa ajili ya jina la mwenyewe. Ndani yake pana jina, kwa hati za Kiarabu, limechongwa kwa tindo na mkono usio wa kiwandani. Ni jina la mwanamke, kisha neno binti, kisha jina la baba. Chini yake, 1317.

Jina sitaliandika, kwa kuwa huenda wajukuu wake wapo. Mwaka tunaweza kuusoma. Kanuni ya haraka ni kuzidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha kujumlisha 622, na 1317 inatupeleka mwaka 1899. Waandishi wengine hutoa tu idadi ya miaka iliyozoeleka, wakasahau kwamba mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi na kwamba tofauti hubadilika karne kwa karne. Tarakimu nazo zina hila: mbili na tatu za Kiarabu hutofautiana kwa jino moja, na jino hilo ndilo la kwanza kulika kwa kusuguliwa.

Hata hivyo 1899 si mwaka wa kutengenezwa. Ni mwaka wa kuandikwa jina. Wapenzi wa tenzi wanaujua mtego huu vyema. Nakala ya Chuo cha Tambuka inatajwa kwa mwaka 1141 wa Hijria, yaani 1728, na kila mara tunapaswa kuuliza tarehe iliyo kwenye karatasi ni ya nani, ya mtunzi au ya mwandishi aliyenakili. Kikombe kilitoka kiwandani Uingereza wakati fulani baada ya 1840; mwaka 1899 kilikuwa mikononi mwa mwanamke aliyetaka kijulikane ni chake. Hayo mawili tunayajua. Mengine ni ya kuuliza.

Na mahali pa maandishi pia husema. Jina la mwenyewe hukaa nje au chini ya kitako. Maandishi yakiwa ndani ya chombo, yakizunguka pale maji yanapokaa, hapo tuna kitu cha namna nyingine. Katika nchi za Kiislamu tangu karne ya 12 kumetengenezwa matasi ya shaba yaliyochorwa aya na miraba ya herufi, mgonjwa akayanywea maji ili maneno yaingie mwilini. Sisi kwetu kombe huandikwa kwa zafarani sahanini, likaoshwa kwa marashi au maji, likanywewa. Chombo chabaki kitupu kama kilivyokuwa. Tofauti hii ni ya kupendeza: kule maneno yamekaa katika shaba na maji yanapita, huku maneno yenyewe ndiyo yanapita. Mtunzi mwenye kutafuta kitu cha kusema juu ya vikombe hapa ana mali ya diwani nzima, wala hahitaji Sultani hata mmoja.

Kuhusu Sultani. Hadithi ya Kasri haikutungwa hewani, na ndiyo maana inaaminika. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga makombora majumba ya kifalme kwa muda usiofika saa moja, na moto ukala vingi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mali za majumba mengi, ya wakubwa na ya watu wa kati, zilitawanyika. Nyingine ziliuzwa kwa haraka na waliokuwa wakiondoka. Kwa hiyo vyombo vya Kasri vilivyopotea vipo. Ila jambo linalowezekana si jambo lililotokea. Tabia hii tunaijua katika fasihi: kila shairi la Kimvita lenye ukali na lisilo na mwenyewe hupewa Muyaka, na kila wimbo wa kishujaa wa upande wa Lamu hupewa Fumo Liyongo. Mashairi ya Muyaka yalitufikia kwa kazi ya kukusanya iliyofanywa Mombasa na Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, kisha Hichens akayachapisha mwaka 1940. Mlolongo wa mikono twaujua, na kwa hiyo twaweza kuuhoji. Mlolongo wa kikombe cha dukani huanza na kuishia kwa muuzaji. Kinywa kimoja si isnadi.

Na sasa thamani. Rafiki yangu, alipoyasikia haya, uso wake ulishuka, akaniuliza kama amepunjwa. Kwa hesabu ya sonara, amepunjwa. Thamani ya chini ya chombo cha fedha ni uzito wake mara kiwango chake mara bei ya siku: kikombe cha gramu 183 chenye 925 kingekuwa na gramu 169 za fedha safi, na hapo hakuna mabishano. Cha kuchovya hakina hesabu hiyo, maana fedha iliyo juu yake ni utando mwembamba kuliko karatasi, na gharama ya kuutoa yaupita. Vikombe vya namna hii vilitoka viwandani kwa maelfu. Huko Uingereza watoto waliozaliwa walizawadiwa, na hadi leo hupatikana kwa bei ya kitoweo.

Lakini huyo ni sonara. Kwa mtu wa historia, kijingwa kile chenye jina kina uzito kuliko kikombe chote. Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Miaka miwili baadaye mwanamke mmoja, ambaye jina lake halina nisba ya kabila wala cheo, analipa fundi achonge jina lake na la baba yake kwenye kikombe cha Kizungu. Sisemi alikuwa nani. Jina lisilo nisba halithibitishi utumwa wala uungwana. Pengine kijingwa kilikuwa kidogo, pengine hakuona haja. Nasema tu kwamba swali hilo limo ndani ya kikombe, kweli limo, limechongwa. Ilhali Sultani hayumo. Katika nyaraka za wakati ule wanawake wa namna yake mara nyingi hutokea pale tu walipofikishwa mbele ya kadhi au ya mkubwa fulani. Hapa ametokea kwa hiari yake, kwa pesa yake.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye kikombe ulikuwa wa kikatili kidogo: asikisugue. Muuzaji alikuwa amejitolea kukipeleka kwenye mashine kiwe kipya, bure. Mashine hiyo ingetoa utando wote uliobaki, na pamoja nao yale mabonde madogo ya tindo ambayo tayari yanasomeka kwa taabu. Kitambaa laini na maji ya sabuni yatosha, kisha kikaushwe vizuri. Nimeona masinia ya shaba yaliyong'arishwa kila sikukuu hadi duara la maandishi likawa duara la mikwaruzo. Uzuri wa namna hiyo ni wa kufuta.

Ushauri wa pili ulihusu shairi. Nilimrudishia pasipo kusahihisha mshororo wowote, kwa kuwa vina vyake havina kosa. Nilimwomba akae na kikombe kwa muda, akiweke mwangani asubuhi, akihesabu meno ya tarakimu. Amelichana lile la zamani. Lipya halijaisha, na amenisomea beti mbili tu, ambazo siwezi kuzitoa hapa pasipo ridhaa yake. Naweza kusema kwamba hakuna fedha ndani yake, na kwamba ubeti wa pili wote umekaa juu ya herufi moja. Ni herufi ya mwisho ya jina la baba. Fundi alianza kwa ukubwa, akafika ukingoni mwa kijingwa na nafasi imekwisha, akaipandisha juu ya wenzake, ndogo, imeinama, mkia wake umevuka mstari wa kiwandani na kuingia katika majani.